Pindo Anakimbia

Siku mume wake alipomkataza kukimbia, Pindo alikuwa amepiga magoti sakafuni akimpunguzia suruali, pini zimejaa mdomoni, kwa hiyo hakuweza kumjibu papo hapo.

"Watu wananiuliza kama nakupiga," mume wake alisema, amesimama wima asichomwe. "Leo mzee wa duka kaniita pembeni. Eti bwana, kama kuna matatizo nyumbani tuongee kiume. Mkeo kaonekana alfajiri anatimua mbio barabarani, hana hata mkoba."

Pindo alitoa pini ya mwisho mdomoni. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia una sukari."

"Basi si umeshamjibu."

"Akasema wenye sukari hutembea."

Binti yao, aliyekuwa amekaa kitandani akikunja nguo, alicheka puani. Baba yake akamkata jicho. "Nesi mwenyewe kasema afanye mazoezi, baba," binti alisema.

"Mazoezi ni kazi za nyumbani. Afagie uwanja."

"Nimefagia tangu nina akili zangu," Pindo alisema, "na sukari ikapanda vilevile. Geuka nikupime nyuma."

Mume akageuka. Maneno yakaishia hapo, lakini hayakuisha. Kila asubuhi Pindo aliporudi na jasho lake, alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda akivaa soksi polepole kuliko ilivyohitajika, akimtazama bila salamu.

Pindo lilikuwa jina alilopewa kwenye karakana ya sare za shule, kwa sababu mapindo ya suruali na sketi yote yalipita mikononi mwake, na hakuna aliyeyashona yakanyooka kama yeye. Alikuwa amevuka arobaini, mnene wa kiuno, mwembamba wa miguu kama wanawake wengi wanaokaa kutwa kwenye cherehani ya kukanyaga. Mume wake aliendesha lori la kusambaza maji, na watu walimwita Boza kwa jina la lori lenyewe, baadhi yao wakidhani ndilo jina alilozaliwa nalo. Waliishi vyumba viwili, wao na huyo binti mmoja aliyemaliza shule na kusubiri nafasi ya chuo huku akiuza vocha za simu kwenye kibanda cha watu.

Kukimbia kwenyewe kulianza kama ajali. Nesi wa kliniki ya sukari alimwambia atembee kila siku, naye akawa anazunguka ukuta wa shule ya sekondari kabla ya kazi. Asubuhi moja mvua ikamkuta nyuma ya ukuta. Akakimbilia getini, kwenye kibanda cha mlinzi, ajifiche. Alipofika getini hakusimama. Akalipita. Hata yeye hakuweza kueleza kwa nini. Alirudi nyumbani ametota, akaingia bafuni, na binti yake akamsikia anacheka peke yake.

Wiki ile ile binti alichambua lundo la viatu vya mitumba, akapata jozi ya buluu ambayo ilikuwa karibu mpya, imebana kidogo tu mbele. "Vitapanuka," muuzaji alisema. Nyumbani mama alivivaa akasimama.

"Vinakutosha?"

"Vimenikaa."

Ukweli ni kwamba hakuweza kujua. Kwa muda sasa vidole vyake vya miguu vilikuwa kama vimevalishwa soksi hata akiwa peku. Alidhani ni uchovu wa kanyagio. Hakumwambia mtu.

*

Aliyembadilisha Boza si mke wala binti. Alijibadilisha mwenyewe, akiwa kazini.

Alikuwa anapeleka maji kwenye nyumba za kilimani, mbingu bado ya kijivu, taa za lori zikimulika mbele. Akamwona mwanamke anapanda mlima kwa mbio. Si mbio za kukimbilia usafiri. Viwiko vimebanwa ubavuni, kichwa kimetulia, mguu unashika chini na kuondoka. Boza akasema moyoni, huyu mama ana pumzi. Akampunguzia mwendo asimrushie vumbi. Ndipo akaiona jezi. Ilikuwa jezi yake mwenyewe, aliyoitupa kwa sababu ilipasuka mgongoni, na mgongoni ilikuwa imeshonwa mshono ambao angeutambua popote.

Hakupiga honi. Alikaa nyuma yake na lori lake zito, akimmulikia njia, magari mengine yakimpigia kelele na kumpita kwa hasira. Pindo alipogundua lori linamfuata, hofu ikamshika, akageuka huku anakimbia. Alipomtambua dereva akampungia mkono apite. Boza hakupita. Wakapanda mlima hivyo hivyo mpaka juu, na miaka ilikuwa imepita tangu wawili hao waende mahali popote pamoja.

Mchana ule yadi nzima ya malori iliambiwa. Boza alianza na ukweli, kisha akautia chumvi kidogo, na kufikia jioni mke wake alikuwa amelishinda lori kwenye mlima. Madereva wakamwita Mume wa Mwanariadha. Alijifanya kukasirika, lakini nyumbani alisimulia jina hilo akiwa anacheka, na alipokunywa chai yake alimsogezea mkewe kiti.

"Kiuno usikipinde sana kwenye mlima," alimwambia, kama mtu aliyefundisha riadha maisha yake yote.

Pindo aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Moyoni alifurahi kiasi cha kuona haya.

*

Kliniki ya sukari ilikuwa ukumbi mwembamba kati ya maabara na chumba cha picha, mabenchi mawili yakitazamana, wagonjwa wakigusana magoti. Waliokuja na majeraha walifunguliwa hapo hapo, wenzao wakigeuza nyuso ukutani. Siku ya miadi nesi alisimama katikati na kuwatangazia kwamba hospitali pamoja na wafadhili wameandaa mbio za hisani, kilomita kumi, ili wapatiwe chumba chao chenye mlango.

"Wanataka angalau mgonjwa wetu mmoja akimbie," alisema. "Watu waone kwamba wenye sukari si maiti."

Benchi zima likamtazama Pindo, maana habari zilikuwa zimeshafika.

Nesi alimkagua miguu siku hiyo, kidole kwa kidole. Ilikuwa mizima. Alipomchoma kwa ncha ya kalamu na kumwuliza kama anasikia, Pindo alisema anasikia, kwa sababu alikuwa anaiona kalamu.

"Viatu unavyokimbilia uniletee nivione," nesi alisema. "Na usiku usilale bila kuangalia nyayo. Wewe mguu wako ukiumia hautakuita. Ni wewe uuendee."

"Nitavileta, dada."

Hakuvileta. Mara ya kwanza alisahau kweli. Baadaye alikuwa anapita mbali na hospitali, kwa kuogopa kuambiwa vimebana.

Boza naye alikuwa ameshavuka mpaka. Alizunguka yadi akikusanya michango ya kliniki kwa jina la mkewe, akamfuata hata mwenye yadi ofisini, mtu ambaye kwa kawaida madereva walizungumza naye wakiwa wamesimama mlangoni. Mwenye yadi alicheka, akasema atatoa kiasi kikubwa kuliko madereva wote kwa pamoja, kwa sharti moja: huyo mama amalize kwa kukimbia. Akitembea hata hatua chache, hatoi kitu.

"Atamaliza," Boza alisema. "Shika neno langu."

Alipolisimulia hilo nyumbani, uso wake ulikuwa wa kijana. Pindo alikuwa hajauona uso huo tangu kabla binti yao hajazaliwa.

*

Zilikuwa zimebaki siku chache. Pindo alirudi kutoka mbio za asubuhi, akavua kiatu cha kulia, na soksi ikawa imeshikana na mguu. Akaivuta. Chini ya kidole gumba ngozi ilikuwa imefunguka, nyama inaonekana, na soksi ilikuwa imelowa damu iliyoanza kukauka. Alikaa akaitazama kana kwamba ni soksi ya mtu mwingine.

Binti aliingia kuchukua kitana. Akasimama.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Afadhali."

Pindo aliiweka soksi chini. Alikuwa amekaa kwenye lile benchi la kliniki vya kutosha kujua kwamba hapo hapakuwa na afadhali yoyote.

"Twende kliniki leo leo," binti alisema.

"Watanizuia."

"Si ndiyo maana ya kwenda?"

"Jumapili nakimbia. Jumatatu niko kwenye benchi, wa kwanza kabisa, na wanifanye watakavyo." Alimwaga chumvi kwenye beseni la maji ya vuguvugu. "Baba yako kazungukia yadi nzima. Unataka arudi kwa mmoja mmoja amwambie mke wangu ana kidonda?"

"Mama, nimesikia watu wanakatwa."

"Wanakatwa wanaokaa nacho miezi. Mimi siku nne tu."

Binti alipiga magoti, akaviokota vile viatu vya buluu, akavigeuza. "Ni mimi niliyekununulia."

"Na miguu ni yangu. Lete kitambaa safi. Na baba yako asisikie."

Tangu hapo binti alimfunga mama yake kidonda asubuhi na jioni, kwa vipande vya kitambaa cheupe kutoka karakana. Kidonda hakikufunga. Kilipanuka kingo zake, kikawa na weupe, kisha kikaanza kutoa harufu, na Pindo akaanza kulala amevaa soksi akisema anasikia baridi.

Jumamosi walikwenda wote wawili kuchukua fulana ya mbio. Foleni ilikuwa ndefu ya vijana wenye viatu vizuri. Msichana mezani alimpima Pindo kwa macho, akampekulia sanduku. "Za wakubwa zimeisha, mama. Imebaki hii."

"Hainiingii."

"Unaweza kukimbia na nguo yako. Ila wagonjwa tulitaka muonekane na fulana, kwa ajili ya picha."

Pindo aliichukua. Nyumbani aliifumua mishono ya ubavuni, akaongezea vipande viwili virefu vya kitambaa cha sare ya shule, rangi ikakaribiana. Alipoivaa, binti alimzungusha mbele ya kioo kidogo na wote wakacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Boza alikuwa amerudi kutoka yadini. Alipita uani kunawa, akakuta beseni nyuma ya mlango wa bafu. Maji yake yalikuwa mekundu kwa mbali, na juu ulielea uzi wa kitambaa. Akafikiri, karoweka kitambaa kipya, kimetoa rangi. Pindo alikuwa na kawaida ya kuroweka vitambaa. Boza akainama alinyanyue beseni na harufu ikampiga puani. Rangi ya kitambaa hainuki vile. Alibaki ameinama, mikono kwenye ukingo wa beseni, akisikiliza kicheko cha mkewe ndani. Aliwafikiria wenzake ambao wangemsubiri kesho penye mstari wa mwisho. Akamfikiria mwenye yadi. Kisha akayamwaga maji mferejini, akasuuza beseni mara mbili, akaliegemeza ukutani, akaingia ndani.

"Fulana imekupenda," alisema.

Binti alikuwa amesimama dirishani. Dirisha hilo lilitazama uani.

*

Asubuhi ya mbio ilikuwa na wingu zito. Mfadhili mkuu alihutubia kutoka jukwaani, akiwa amevaa suti ya michezo ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya mfuko wake. Alisema kila tone la jasho ni tone la matumaini. Pindo aliitwa mbele, akapandishwa jukwaani, akashikwa bega, akapigwa picha. Mfadhili alimwuliza jina, na kabla hajajibu akawa ameshageukia mwingine.

Kipenga kikalia.

Mwanzoni alisukumwasukumwa, kisha watu wakamwacha na akabaki na nafasi. Alikuta pumzi yake. Mguu wa kulia ulikuwa mzito kidogo, basi. Akapita sokoni, wauza mboga wakampigia makofi wakimwita shangazi. Akapita karakana, na wenzake walikuwa wametoka mlangoni, mmoja akampungia sketi ambayo haijaisha. Kulikuwa na mahali ambapo barabara iliteremka kwa muda mrefu kando ya reli, hapakuwa na watazamaji wala waliomtangulia machoni, na hapo Pindo alifungua mikono akaacha mteremko umchukue.

Baada ya reli kiatu kilianza kuteleza ndani. Akadhani ni maji, maana watu walikuwa wakijimwagia. Hakutazama. Kwenye mlima wa mwisho kijana mmoja mbele yake alikata tamaa akaanza kutembea, akamwambia, "Tembea, mama, hakuna anayetuona." Pindo alitamani kutembea kuliko alivyowahi kutamani chakula. Akapiga moyo konde, akampita.

Boza alimwona anatokea kwenye kona. Alikuwa na madereva wenzake na lori moja walilolileta kwa siri, na honi ya lori ikaanza kulia na haikunyamaza. Mwenye yadi mwenyewe alikuwepo. Pindo alivuka mstari kwa mbio, mikono juu, na mpiga picha akampata hapo hapo, mdomo wazi, mbavu za fulana zimetanuka. Akavishwa medali. Boza alimkumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi.

Nesi wa kliniki alikuwa akigawa maji. Alikuja anatabasamu, chupa mkononi, kisha tabasamu likamtoka. Alikuwa anatazama chini. Kiatu cha buluu kilikuwa cheusi kuanzia katikati hadi mbele, na nyuma yake, kwenye lami, kulikuwa na alama.

"Vua kiatu," alisema.

"Nitakuja kesho, dada. Nimepanga kuja kesho."

"Vua kiatu, mama."

"Si hapa. Watu wote hawa."

Nesi alimkalisha kwenye kreti ya soda, akapiga magoti na kukifungua mwenyewe. Kitambaa kilikuwa kimejikunja mpaka kisiginoni. Harufu ilipotoka, dereva mmoja akarudi nyuma akijifanya kumwita mtu. Mwenye yadi akatoa leso. Watu waliokuwa wamekuja kupiga picha na mama wa mbio wakasimama na simu zao mikononi, hawajui wazishushe au la. Boza alikuwa ameshika medali ambayo mkewe alimpa aishike, akaikunja kamba yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Siku ngapi?" nesi aliuliza.

Pindo alitazama magoti yake. "Haikuwa inauma," alisema.

*

Walimkata vidole vyote vitano kwanza. Siku chache baadaye wakarudi wakakata nusu ya mbele ya unyayo, kwa kuwa weusi ulikuwa unapanda.

Kabla ya mara ya pili daktari aliwaita Boza na binti kwenye korido, akawaeleza, kisha akauliza kwa nini mgonjwa hakuletwa mapema.

"Hatukujua," Boza alisema. "Alituficha. Mke wangu ni msiri sana, daktari."

Daktari aliandika kitu, akaenda zake. Binti alikuwa ameegemea ukuta.

"Mimi nilijua," alisema. "Nilikuwa namfunga kidonda."

Boza alimgeukia, uso umebadilika. Mkono ulinyanyuka, na labda ungempiga, kama binti hangeendelea kwa sauti ile ile ya chini.

"Na beseni ulilimwaga wewe, baba. Nilikuwa dirishani. Ulilisuuza mara mbili."

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukaenda kichwani, ukakuna mahali ambapo hapakuwasha. Muuguzi alipita na kitanda cha magurudumu, ikabidi wote wawili wajibanze ukutani kumpisha. Kitanda kilipopita walibaki hivyo, bega kwa bega.

"Usimwambie," Boza alisema mwishowe.

"Unadhani beseni likijiosha lenyewe, mama haoni?"

Michango ilitimia. Mwenye yadi alitimiza neno lake, na alitimiza mbele ya watu, akikabidhi hundi ya mfano, ya bati, kubwa kama mlango. Kliniki ikapata chumba, na mlango, na nje ya mlango wakabandika picha ya Pindo ikimwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu. Alipopelekwa kufungwa kidonda, akiwa kwenye magongo, alikaa chini ya picha hiyo. Mama mmoja mgeni wa ugonjwa aliitazama picha akamwambia, "Wenzetu hawa wamejaliwa. Ukimwangalia tu unajua huyu atapona." Pindo akakubali kwa kichwa.

Cherehani yake ilikaa wazi mwezi mmoja. Mwenye karakana alikuja kumwona nyumbani, akaketi, akasifu usafi wa chumba, akanywa chai, akasema hakuna haraka, apumzike. Wakati wa kuondoka, akiwa ameshika kitasa, ndipo akauliza kama binti anajua kushona. Kiti hakiwezi kukaa bure na shule zinafungua. Pindo alimtazama binti yake. Barua ya chuo ilikuwa imekuja wiki iliyotangulia na ilikuwa chini ya godoro. Hakuna aliyekuwa ameitaja.

"Anajua," binti alisema mwenyewe. "Mama alinifundisha."

Jumatatu akaenda.

*

Ndipo ikabaki kazi ya kufunga mguu. Hospitali ilikuwa mbali na magongo yalimchubua kwapa, kwa hiyo nesi alikuwa amewapa dawa na bandeji na kuwaelekeza. Binti ndiye aliyeelekezwa. Boza kila mguu ulipofunguliwa alikumbuka jambo nje: tairi, bomba, mtu wa kuonana naye. Tangu hospitali alikuwa hajauona hata mara moja. Alizungumza na mkewe akimtazama usoni tu, kwa adabu, kama mgeni.

Siku moja binti alitoka nyumbani mapema na karakana ilikuwa na kazi ya ziada. Saa ya kubadilisha bandeji ikafika, ikapita. Boza alikuwa mlangoni na funguo za lori mkononi.

"Atarudi jioni," alisema.

"Nesi alisema isilale na unyevu."

"Nimwite yule jirani?"

"Kama unaona hivyo."

Boza alisimama. Kisha akaweka funguo mezani, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kama alivyowaona wa hospitali, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mkewe. Akaanza kufungua. Alifungua kwa haraka, kisha alipokaribia mwisho akafungua polepole sana. Kipande cha mwisho kilipodondoka, alifumba macho. Pindo alimwona. Akamwacha.

Alipoyafumbua alichukua pamba na kuanza kusafisha. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimezoea usukani na valvu za maji.

"Ulipokuwa unakimbia," aliuliza, bila kuinua kichwa, "ilikuwaje?"

Pindo alifikiri. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Waliuliza kilomita, waliuliza medali iko wapi.

"Kuna mahali kando ya reli," alisema, "barabara inashuka. Pale sikuwa mke wa mtu wala mama wa mtu. Hata jina sikuwa nalo. Ni miguu tu." Akautazama mguu mikononi mwake. "Nilikuwa nimekusahau kabisa. Usinichukie."

"Sikuchukii."

"Ningesimama pale, ingetosha. Lakini nikakumbuka mnanisubiri."

Boza alipaka dawa. Akaweka pamba kavu, akaanza kuzungusha bandeji, akavuta, akazungusha, akavuta tena. Alipomaliza akashika ncha na hakujua afanye nini nayo. Pindo akampa pini.

"Nimekaza sana?" Boza aliuliza.

"Sijui."

"Hujui vipi? Inabana au haibani?"

"Sisikii kitu huko, mume wangu. Itabidi uangalie wewe, kama ngozi inabadilika rangi."

Boza akavuta kigoda karibu na dirisha, akaupakata mguu wa mkewe mapajani penye mwanga, akainama, akaangalia.